Kutoka Mbeya hadi Ngong: namna ya kupanga safari ya kutazama mbio za farasi pamoja na marafiki

Nyanda za Juu Kusini hazina uwanja wa mbio za farasi, na wengi wetu wa Mbeya, Njombe na Iringa tumemwona farasi kwenye picha tu au, kwa bahati, katika mashamba machache ya huko Mufindi. Mbung'o, pamoja na magonjwa ambayo farasi huyahimili kwa shida, ndiyo yaliyomfanya mnyama huyu awe adimu katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Anayetaka kuona mbio zenyewe, tena kwa safari inayowezekana kwa barabara, hufunga safari hadi Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954 na ambao mbio zake husimamiwa na chama kiitwacho Jockey Club of Kenya.

Mimi na wenzangu watano tumefanya safari hiyo mara mbili. Mara ya kwanza tulipanga kwa uangalifu habari za gari na malazi, lakini hatukujifunza lolote kuhusu farasi, na kwa sababu hiyo tulikaa jukwaani mchana kutwa tukitazama namba zikipita mbele yetu. Mara ya pili tulijiandaa kumtazama mnyama mwenyewe, na siku ile ile, kwenye uwanja ule ule, ilikuwa siku nyingine kabisa. Ninaandika ili kundi lenu lianze pale tulipofikia sisi mara ya pili.

Hatua ya kwanza: tazameni kalenda ya mbio kabla ya kuomba ruhusa kazini

Mbio za Ngong hufanyika zaidi siku za Jumapili, katika msimu unaoanza mnamo Septemba na kuishia mnamo Julai, lakini si kila Jumapili ina mbio. Kalenda hutolewa na wenye uwanja wenyewe, nayo ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa maana nimewahi kusikia kundi lililokwisha kulipia malazi ya Nairobi ndipo likagundua kwamba wiki hiyo uwanja umefungwa. Mkishaziona tarehe, zilinganisheni na sikukuu zetu. Pasaka hutoa Ijumaa na Jumatatu bila kugusa likizo, Mei Mosi ikiangukia Ijumaa hufaa sana, na Sikukuu ya Muungano ya Aprili 26 ikiangukia Jumatatu hufaa pia, ingawa Kenya siku hiyo ni ya kazi kama kawaida.

Kuhusu Pasaka nina angalizo moja. Kama miongoni mwenu wapo wanakwaya, msiwaweke katika mtihani wa kuchagua kati ya marafiki na ibada waliyoifanyia mazoezi tangu mwanzo wa Kwaresima. Chagueni wikiendi nyingine, na kundi litakwenda likiwa kamili na lenye amani.

Fikirieni pia mvua. Masika ya Nairobi hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mvua haizuii mbio kwa kawaida, lakini hulainisha uwanja wa nyasi, na wapo farasi wanaokimbia vizuri kwenye udongo mlaini na wengine wanaochoka upesi humo. Kwa upande wa baridi hamna la kuogopa, kwa sababu Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, karibu sawa na Mbeya mjini, na koti linalokutosha Uyole mwezi Juni litakutosha Ngong.

Hatua ya pili: chagueni mtunza hazina na muanze kuchanga mapema

Sisi watu wa huku tunajua kuendesha kamati za harusi, na safari hii huhitaji nidhamu ile ile kwa kipimo kidogo. Watu wanne hadi sita wanatosha, kwa sababu ndio wanaoenea katika gari moja na katika nyumba moja ya kupanga kwa siku chache. Mchague mtu mmoja wa kutunza fedha, mchange kila mwezi kwa miezi minne au mitano, na kila anayechanga aone maandishi ya kiasi kilichofikiwa.

Gaweni fedha hizo katika mafungu yasiyochanganyika: usafiri, malazi, chakula, akiba ya dharura na, mbali kabisa na hayo, fedha ya uwanjani. Fungu la mwisho kila mtu alishike mwenyewe na asikopeshwe na mwenzake hata kama anaomba kwa upole. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika safari yetu ya kwanza mwenzetu mmoja alimaliza fedha yake katika mbio ya nne, akakopa kwa wawili kati yetu, na deni hilo liliharibu mazungumzo ya gari zima kutoka Namanga hadi Dodoma.

Hatua ya tatu: nyaraka, hasa kadi mbili za njano

Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini huhitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, nazo zishughulikiwe Uhamiaji mapema, si wiki ya safari. Pamoja na hiyo, kila mtu awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha, hivyo aliyewahi kuchanjwa atafute kadi yake kabatini kabla ya kwenda kuchanjwa tena. Mwenzetu mmoja aliiacha kadi nyumbani, nasi tukapoteza saa tatu mpakani.

Kadi ya pili ya njano ni ya gari, na watu huzichanganya kwa sababu ya jina. Hiyo ni bima ya COMESA inayokinga gari la Tanzania likiwa katika nchi nyingine zilizomo kwenye mpango huo, nayo hupatikana kwa kampuni za bima hapa nyumbani. Chukueni kadi halisi ya usajili wa gari, na kama gari si la mmoja wenu, barua ya idhini kutoka kwa mwenye gari. Dereva awe na leseni hai, na ni busara mpate madereva wawili.

Jambo dogo lakini lenye uzito: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kama ilivyopigwa marufuku kwetu mwaka 2019, kwa hiyo fungeni vitu kwenye vikapu au mifuko ya kitambaa. Na ingawa kila mmoja wetu hutamani kuwapelekea wenyeji parachichi za Rungwe, matunda na mbegu huhitaji vibali vya afya ya mimea ili kuvuka mpaka, na hilo si la kuanza kulitafuta ukiwa kwenye foleni.

Hatua ya nne: pimeni barabara kwa ukweli wake

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, kwa sababu watu huhesabu siku za sikukuu na kusahau kilomita. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni takriban kilomita 330, na Iringa hadi Dodoma kwa njia ya Mtera ni kama 260. Dodoma hadi Arusha kupitia Kondoa na Babati ni takriban 430. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi ni kama 165. Jumla inakaribia kilomita 1,300, na barabara yote ni ya lami, lakini ina malori, makundi ya ng'ombe, matuta na vituo vya ukaguzi.

Kundi la Mbeya linaloelekea mbio za Jumapili ya Pasaka liondoke Alhamisi alfajiri na kulala Dodoma. Ijumaa liende Arusha, nalo litapata nafasi ya kusimama Kolo, karibu na Kondoa, kwa ajili ya michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Jumamosi asubuhi livuke Namanga, ambako ofisi za nchi zote mbili hukaa pamoja na mtu hugongewa mihuri yote katika jengo moja, na mchana wa siku hiyo litakuwa Nairobi likiwa na usiku mzima wa kupumzika. Watu wa Iringa wanaweza kulala nyumbani kwao Alhamisi, wakaondoka Ijumaa kabla ya jua kuchomoza na kufika Arusha usiku, lakini siwashauri wafanye hivyo wakiwa na dereva mmoja.

Kurudi ni kuzito zaidi. Mkiondoka Nairobi Jumatatu asubuhi mtalala Babati, Jumanne jioni wa Iringa watakuwa wamefika, na wa Mbeya watalala Iringa ili wamalizie Jumatano. Maana yake ni kwamba mtu wa Iringa huhitaji siku moja au mbili za likizo, na mtu wa Mbeya huhitaji tatu. Asiyeweza kuzipata apande ndege kutoka uwanja wa Songwe hadi Dar es Salaam na kuunganisha kwenda Nairobi, kwa gharama kubwa zaidi. Wenye kutumia mabasi wapange kwa mtindo huo huo wa vipande, na wasitegemee basi la usiku liwafikishe asubuhi ya siku ya mbio, kwa sababu mtu asiyelala haoni kitu uwanjani.

Hatua ya tano: tumieni safari kama darasa

Saa nyingi za barabarani zinatosha kujifunza mambo machache ambayo yatawafungulia macho. Farasi wanaokimbia Ngong ni wa kizazi kiitwacho thoroughbred, kilichotengenezwa Uingereza kwa kupandisha majike wa huko na madume kutoka nchi za mashariki. Wote duniani, kwa upande wa baba wa baba, hurejea kwa madume watatu tu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, waliofika Uingereza kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mnyama huyu huwa na uzito wa karibu kilo 450 hadi 500 na hupita kilomita 60 kwa saa. Hupumua kwa pua pekee, hawezi kupumua kwa mdomo, na ndiyo maana mtamwona amalizapo mbio matundu ya pua yamefunguka kama vikombe.

Mbio ziitwazo Derby hutokana na ile iliyokimbiwa kwa mara ya kwanza Epsom, Uingereza, mwaka 1780, na Kenya ina Derby yake kwa ajili ya farasi wa miaka mitatu. Mkiweza kupata Jumapili ya mbio hiyo, ichagueni, kwa maana farasi hupata nafasi hiyo mara moja tu maishani. Zipo pia mbio za mizani, ambazo farasi hodari zaidi hubebeshwa uzito mkubwa ili wote wapate nafasi ya kushinda, na vipande vya risasi huwekwa kwenye tandiko ili kutimiza uzito huo. Ndiyo sababu mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, na kupimwa tena baadaye.

Hatua ya sita: siku yenyewe, kaeni zaidi pale farasi wanapozungushwa

Mbio huanza mchana kwa kawaida, kwa hiyo wenye ibada wanaweza kusali asubuhi. Uwanja uko kando ya barabara ya Ngong, na matatu zinazoelekea Karen na Ngong hupita hapo, ingawa kundi la watu sita litaona nafuu kuja na gari lake. Vaeni nadhifu, viatu visiwe vya visigino vyembamba kwa sababu mtatembea kwenye nyasi, na mwavuli ufungwe mkiwa karibu na farasi.

Jambo la kwanza mlangoni ni kununua kijitabu cha mbio za siku hiyo. Humo kila farasi ana namba yake, umri, uzito atakaobeba, jina la mpandaji na la mfundishaji, rangi za mavazi, na safu ya tarakimu zinazoonyesha nafasi alizoshika katika mbio zilizopita. Rangi za mavazi ni za mwenye farasi, si za mpandaji, kwa hiyo mpandaji mmoja atabadili fulana mara kadhaa kwa siku. Tarakimu husomwa kwa kuanzia kulia, kwa kuwa ya mwisho ndiyo ya karibuni: farasi aliyeandikiwa 6432 anapanda, na aliyeandikiwa 1257 anashuka.

Kisha mwende kwenye uwanja mdogo ambako farasi huzungushwa na wachungaji wao kabla ya kila mbio. Wageni wengi hukimbilia jukwaani na kupitwa na sehemu hii, nasi tulipitwa nayo mara ya kwanza. Mbio yenyewe humalizika kwa dakika moja na nusu au mbili na nusu hivi, tena kwa mbali, lakini hapa mnyama anapita hatua chache kutoka ulipo, na unaweza kumtazama kwa dakika kumi au zaidi.

Anza na mwendo wake. Farasi aliye tayari hutembea kwa hatua ndefu zilizolegea, na kwato za nyuma hukanyaga mbele ya alama zilizoachwa na kwato za mbele. Tazama masikio: yakiwa yamesimama na kugeuka huku na huku, mnyama anafuatilia mambo kwa utulivu, yakilazwa nyuma na kubana shingoni, ana hasira au hofu. Tazama ngozi, ambayo kwa mnyama mwenye afya hung'aa hata kukiwa na mawingu. Jasho kidogo siku ya joto si kitu, lakini povu jeupe shingoni na kati ya mapaja ya nyuma, siku ya baridi, huonyesha farasi anayetumia nguvu zake kwa wasiwasi kabla ya kuanza. Nyama za mapaja ya nyuma ndizo injini yake, na mkishawatazama kumi mtaanza kuona tofauti bila kuambiwa. Mfugaji wa ng'ombe wa Kitulo au wa Rungwe ataona haraka kuliko sisi wengine, kwa sababu jicho lake limezoea kusoma mgongo na miguu ya mnyama.

Heshimuni utulivu wa mahali hapo. Farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na sehemu ndogo mbele ya pua, na kishindo kinachotoka asipoona humtisha. Msipige kelele, msitumie mwanga wa kamera, msiegemee uzio mkipunga mikono, na mtoto asiachiwe apite nyuma ya farasi hata kama anaonekana mpole.

Mbio ikianza, simameni karibu na uzio wa mstari wa kumalizia angalau mara moja. Hadi leo sijapata maneno yanayotosha kuueleza mshindo wa kwato unaosikika kwanza miguuni, kupitia ardhini, ndipo ukafika masikioni. Baada ya hapo, badala ya kugeuka na kuondoka, wafuateni farasi wanaporudi, muwaone wakimwagiwa maji na kutembezwa taratibu hadi pumzi itulie. Kazi ya wachungaji hao, wanaomjua kila mnyama kwa tabia zake, inastahili kutazamwa sawa na ushindi wenyewe.

Hatua ya saba: dau, kwa wanaotaka

Hakuna anayelazimishwa kuweka dau, na katika kundi letu wawili hawakuweka kabisa kwa sababu ya imani zao, nasi hatukuwashawishi. Walio na umri chini ya miaka 18 wasihusishwe kwa namna yoyote.

Kuna njia kuu mbili za kuweka dau kwenye viwanja vya mbio. Ya kwanza ni kapu la pamoja, ambamo dau zote huwekwa pamoja, wenye uwanja hukata sehemu yao na kodi, na kinachobaki hugawiwa walioshinda kwa kadiri ya dau zao. Tuseme kapu lina shilingi 100,000, zikakatwa 20,000, na dau zilizowekwa kwa farasi aliyeshinda ni 16,000: kila shilingi moja italipwa tano. Kwa hiyo hujui malipo yako mpaka dirisha lifungwe. Njia ya pili ni kwa mtu anayetangaza malipo yake mwenyewe. Akiandika 5/1 na ukaweka shilingi 200, ukishinda utapewa 1,000 za faida pamoja na 200 zako. Akiandika 1/2, faida ni 100 tu, na hiyo ina maana kwamba watu wengi wanamtegemea farasi huyo. Dau la nafasi hulipa hata farasi akiwa wa pili au wa tatu, kwa kiasi kidogo zaidi, nalo ndilo ninalompendekezea mgeni.

Kila mtu aligawe fungu lake kwa idadi ya mbio. Mwenye shilingi 2,000 za Kenya na mbio nane ana 250 kwa kila mbio, na asiyeona farasi wa kumpendeza katika mbio fulani aihifadhi 250 hiyo mfukoni wala asiiongeze kwenye mbio inayofuata ili kufidia hasara. Kumbukeni kwamba shilingi moja ya Kenya imekuwa ikikaribia shilingi 20 za kwetu, na ni rahisi kuziona noti za huko kuwa fedha ndogo. Hizo 2,000 ni kama 40,000, fedha ya debe kadhaa za viazi pale Uyole.

Hatua ya nane: jioni na kurudi

Baada ya mbio ya mwisho msikimbilie langoni, kwa kuwa barabara ya Ngong hujaa magari saa hiyo. Kaeni nusu saa, kila mmoja aeleze farasi aliyemchagua pale alipozungushwa na sababu zake, kisha mlinganishe na matokeo kwenye kijitabu. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyotufundisha zaidi ya kitu kingine chochote, na vijitabu vyetu vyenye maandishi ya kalamu bado tunavyo.

Jumatatu ondokeni Nairobi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ili muvuke Namanga mapema, na fedha za Kenya zilizobaki mzibadilishe hapo hapo mpakani, kwenye duka lenye leseni na si kwa watu wanaozunguka na noti mkononi. Hesabu zifungwe mkiwa Babati usiku huo, wakati wote mko meza moja, kwa sababu baada ya Iringa wengine watakuwa wameshuka Igumbilo na kutawanyika. Bakaa irudishwe kwa mgawanyo ule ule wa michango, au ibaki kwa mtunza hazina ikiwa mmekubaliana kurudi Septemba, msimu mpya utakapofunguliwa.